Mtihani wa Kuandika Usioandikwa

Sehemu ya kwanza ya mtihani wa SAT inaitwa Kusoma na Kuandika, na ndani yake mtahiniwa haandiki hata sentensi moja. Anachagua jibu moja kati ya manne, mara 54, anapumzika dakika 10, kisha anaingia kwenye hisabati. Insha ya hiari iliyokuwa ikiambatana na mtihani huo iliondolewa mwaka 2021, na tangu Machi 2023 watahiniwa walio nje ya Marekani wanaufanya wote kwenye kompyuta. Kalamu imebaki kwa ajili ya karatasi ya kukokotolea tu.

Ninayaandika haya nikiwa Jeddah kwa jamaa zangu, ambako likizo hii nimekuwa nikiwasaidia vijana wanne kujiandaa. Wote wamezaliwa au kukulia hapa. Wazazi wao walitoka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wakifuata kazi za bandarini, za maduka na za ofisi. Nyumbani ni Kiswahili, mtaani Kiarabu, darasani Kiingereza. Katika nyumba tatu kati ya hizo nne nilikuta amri ileile: mwaka wa mtihani, Kiswahili kiwekwe kando, mtoto asije akachanganyikiwa.

Naamini amri hiyo haina faida hata kwa alama zenyewe, achilia mbali hasara yake kwa nyumba. Mtoto aliyekulia katika ngeli anaingia kwenye mtihani wa sarufi akiwa na nyenzo ambayo wenzake wengi hawana. Lakini wasomaji wa jarida hili ni watu wa isimu na hawatanisamehe nikipamba, kwa hiyo nitaeleza pia ni wapi Kiswahili kinamponza kweli mtahiniwa.

Mitihani yenyewe ni miwili. Anayelenga vyuo vya Marekani, au vya nchi nyingine vinavyozikubali alama zake, hufanya SAT. Aliyesoma kwa Kiarabu na anayetaka chuo cha hapa hapa Saudi Arabia, kama vile Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz cha Jeddah au cha Mfalme Saud cha Riyadh, hukutana na Qudurat, mtihani wa uwezo wa jumla unaosimamiwa na Qiyas, ambayo makao yake yako Riyadh. Nafasi za wasio raia katika vyuo vya umma ni chache, ndiyo maana macho ya wengi yako nje. Zamani Sudan ilikuwa njia ya karibu, ng'ambo tu ya Bahari ya Shamu, na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika cha Khartoum kilipokea wengi kutoka kwetu. Vita vilivyoanza Aprili 2023 viliufunga mlango huo, na tangu hapo nasikia jina la SAT likitajwa hata katika nyumba ambazo hazikuwahi kuliwaza.

Ngeli ndani ya Kiingereza

Maswali 54 ya Kusoma na Kuandika yamegawanywa katika mafungu mawili ya maswali 27, kila fungu dakika 32. Ukipiga hesabu, swali moja lina sekunde 71 hivi. Kila swali lina kifungu chake kifupi, cha maneno 25 hadi 150. Fungu la pili hupangwa kutokana na ulivyofanya la kwanza: ukifanya vizuri unapewa maswali magumu zaidi, na alama za juu hupatikana huko tu. Kwa hiyo fungu la kwanza si la kupasha misuli moto.

Takriban robo ya maswali ni ya sarufi na uakifishaji. Swali linalowaangusha vijana wengi hapa ni la upatanisho wa kiima na kitenzi pale vinapotenganishwa na maneno mengine. Chukua sentensi yetu: Kikapu cha maembe yaliyoletwa na wageni kutoka Tanga kimeanguka. Kati ya kikapu na kuanguka kwake kuna maembe, kuna wageni, kuna mji mzima wa Tanga. Hakuna mtoto wa Kiswahili atakayesema «yameanguka» au «wameanguka», labda kwa makusudi. Kiambishi ki- kimemshika mkono tangu mwanzo wa sentensi hadi mwisho.

Kiingereza kina mtego huohuo, ila kimempa msomaji uzi mwembamba sana wa kufuata: -s moja, au tofauti ya «was» na «were». Mtunzi wa mtihani anaijua tabia ya jicho kuangalia nomino iliyo karibu, basi huweka nomino ya wingi mlangoni pa kitenzi na kumwacha kiima mbali kule. Niliwaomba vijana wasitafute jibu kwanza. Wasome kifungu, wakiguse kitenzi kinachoulizwa, kisha wajiulize: kwa Kiswahili kingepokea kiambishi gani? Ki- au ya-? I- au zi-? Swali hilo linamlazimisha mtu arudi nyuma mpaka kwenye kiima chenyewe, kwa sababu huwezi kujua kiambishi bila kujua ni nani mwenye sentensi. Msichana mmoja aliyekuwa akikosa maswali hayo mara kwa mara aliacha kuyakosa baada ya jioni mbili. Sikumfundisha kanuni yoyote ya Kiingereza. Alikuwa akiijua kanuni tangu ana miaka mitatu, ila hakuna aliyemwambia kwamba inaruhusiwa kuingia nayo kwenye chumba cha mtihani.

Kiarabu nacho kina lake hapo. Katika Kiarabu fasaha, kitenzi kikitangulia kiima chake hubaki katika umoja hata kama watendaji ni wengi: husemwa hadhara al-tullab, kana kwamba tunasema «alihudhuria wanafunzi». Kijana aliyesoma sarufi ya Kiarabu kwa bidii akikutana na sentensi ya Kiingereza iliyopinduliwa, kitenzi mbele na kiima nyuma, mkono wake huenda wenyewe kwenye umoja. Hapo pia Kiswahili kinamwokoa, maana sisi tunasema «Wamefika mahujaji mia mbili» na kitenzi kinapatana hata kikitangulia. Najua kuna mwanaisimu ameshainua mkono: vipi kuhusu «Bandarini kumefika mahujaji»? Ni kweli, hapo ku- imepatana na mahali, na mahujaji wameachwa bila upatanisho. Dawa ni kuwaambia watahiniwa wairudishe sentensi katika mpangilio wake wa kawaida kwanza, kiima mbele, ndipo waulize kiambishi. Tulipofanya hivyo, ubishi uliisha.

Mkato unaotuponza

Sasa upande wa pili. Soma sentensi hii: Alfajiri akaamka, akatia udhu, akaswali, akaenda zake bandarini. Ni Kiswahili safi, na kiambishi -ka- kinazisukuma hatua moja baada ya nyingine bila kuhitaji kiunganishi. Ukitazama kwa jicho la sarufi, kila kitenzi hapo ni kishazi kamili, kwa kuwa a- ndiyo kiima. Vishazi vinne vimeunganishwa kwa mikato mitupu, wala hakuna msahihishaji wa insha wa kwetu atakayevichora kwa wino mwekundu.

Peleka mtindo huo katika Kiingereza, kila kitenzi na kiwakilishi chake, na umefanya kosa ambalo SAT hulipenda kuliko mengine yote. Mkato peke yake hauruhusiwi kuunganisha vishazi huru viwili. Panahitajika nukta, au nukta mkato, au mkato pamoja na kiunganishi. Hata sentensi fupi kama «Meli imetia nanga, abiria hawajashuka», ambayo kwetu inapendeza kwa ufupi wake, kule ni kosa. Kiarabu hakisaidii hapa, kwani chenyewe hupenda kuunganisha sentensi kwa wa- mpaka aya nzima ikawa sentensi moja. Kijana wa Jeddah ana lugha mbili zinazomwambia endelea na moja inayomwambia simama.

Njia niliyoiona ikifaa ni ya kuhesabu viima. Ukiona mkato, tazama kushoto kwake na kulia kwake. Kila upande ukiweza kusimama wenyewe kama taarifa kamili, mkato mtupu hautoshi. Upande mmoja ukining'inia, kama kishazi tegemezi kinavyoning'inia, mkato unaweza kuwa sawa. Vijana hawa hawakuwa wamesikia istilahi «kishazi huru» na «kishazi tegemezi», na katika vitabu vya Kiingereza maelezo yake ni marefu na yanachosha. Kwa Kiswahili tuliyamaliza kwa mfano mmoja: «Meli ilipotia nanga» inakuacha ukisubiri, «Meli ilitia nanga» inakuruhusu kwenda kulala.

Virejeshi ni vyepesi zaidi, nivipitie tu. Tofauti ya «Wanafunzi waliofika mapema walipata viti» na «Wanafunzi, ambao walifika mapema, walipata viti» inafanana na ya Kiingereza, ikiwa ni pamoja na ile mikato miwili. Anayeihisi kwetu ataihisi kule.

Maneno yaliyobadilika njiani

Qudurat hauna Kiingereza, na mzazi anaweza kudhani kwamba kwa huo angalau Kiswahili hakina neno. Kinalo. Upande wake wa lugha una ufahamu, ukamilishaji wa sentensi, uhusiano wa maneno, na aina ya swali wanaloliita kosa la muktadha, ambapo sentensi haina dosari ya kisarufi ila neno moja linaipinga maana. Kwa Kiswahili tungeweza kuitunga hivi: Mvua ilikauka kwa siku mbili mfululizo hadi barabara za Jeddah zikageuka mito. Watu wa hapa wanayakumbuka mafuriko ya Novemba 2009 na hawahitaji kuambiwa ni neno gani liondoke.

Uhusiano wa maneno ni wa mtindo wa nahodha na meli. Utachagua mvuvi na samaki, abiria na basi, au rubani na ndege? SAT iliyaacha maswali ya namna hiyo mwaka 2005. Riyadh wameendelea nayo. Siri yake ni kutunga sentensi fupi inayozibana jozi hizo: nahodha huongoza meli, basi rubani huongoza ndege. Aliyekulia katika vitendawili ana mazoezi hayo tayari. Aliyenyimwa vitendawili kwa sababu ya mtihani amenyimwa mazoezi ya mtihani.

Hatari iko kwenye msamiati. Mtoto Mswahili anaposikia Kiarabu anasikia maneno mengi ya nyumbani, na mtihani, swali, jibu, karatasi na kalamu vyote vilitujia kutoka huko. Soma na andika, kwa taarifa yako, ni vya Kibantu. Maneno yaliyosafiri yakaja Pwani hayakufika yote na maana ileile. Kwetu tafsiri ni kutoa maneno katika lugha moja na kuyaweka katika nyingine. Katika Kiarabu tafsir ni ufafanuzi, na kazi ile yetu inaitwa tarjama. Fasihi yetu wao huiita adab, na fasih kwao ni sifa ya msemaji fasaha. Shairi letu kwao ni qasida au shi'r, ilhali sha'ir ni mshairi mwenyewe. Sarufi tuliichukua kutoka sarf, ambayo kwao ni elimu ya maumbo ya maneno tu. Sintaksia iko kwenye nahw. Hamu, ambayo sisi tunaifurahia, inatoka kwenye neno ambalo kwao ni dhiki ya moyo. Na hadith katika kifungu cha ufahamu, likiwa sifa, linaweza kumaanisha «ya kisasa», si kisa wala mapokeo.

Ukiyatazama vizuri, maneno haya karibu yote ni majina ya masomo ya idara zetu. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hatuna orodha nzuri ya maneno ya namna hii, iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule, ilhali kila mwaka kuna anayeandika tasnifu kuhusu mikopo ya Kiarabu katika Kiswahili. Mada ipo, na ina mteja anayeisubiri.

Maswali mawili ya mama

Nusu kubwa ya sehemu ya Kusoma na Kuandika ni kusoma kwenyewe: maana ya neno katika muktadha, wazo kuu, lengo la mwandishi, ushahidi upi unaunga mkono dai lipi. Vifungu hutolewa kwenye fasihi, historia, sayansi ya jamii na sayansi asilia, na baadhi huja na jedwali au grafu.

Kwa maana ya neno katika muktadha nawapa neno «paa». Paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani. Huwezi kusema maana yake mpaka uone jirani zake. Basi fanya vivyo hivyo kwenye mtihani: ziba macho usione yale majibu manne, weka neno lako mwenyewe kwenye pengo, hata liwe la Kiswahili, ndipo ufungue na utafute linalofanana nalo. Majibu manne yametungwa na mtu hodari wa kushawishi. Mwenye neno lake mkononi hashawishiki kirahisi.

Wazo kuu ni ufupisho. Wasomaji kutoka Kenya wanakumbuka karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, ambapo ufahamu una alama 15 na ufupisho 15 kati ya 80. Kuna waliouona ufupisho ni adhabu. Lakini kazi ya kukifinya kifungu kibaki maneno 50 bila kumsingizia mwandishi ndiyo hasa inayotakiwa hapa, ila kwa SAT unaifanya kichwani na kwa sentensi moja. Kifungu cha Taifa Leo au Mwananchi chenye aya mbili kinatosha kwa zoezi la siku.

Na hili ndilo lililonifanya niandike. Mama mmoja wa Kiunguja, nilipokuwa nikimsomesha mwanawe sebuleni, aliniita pembeni. «Mwanangu, mie Kiingereza sikijui. Nikisema naye Kiswahili naona kama namrudisha nyuma.» Nikamwambia, mama, wewe ndiye mwalimu wa ufahamu humu ndani. Mwache asome kifungu cha Kiingereza, kisha akueleze kwa Kiswahili. Muulize mambo mawili tu: Mwandishi anasema nini? Na wewe umejuaje? Swali la kwanza ni wazo kuu. La pili ni ushahidi. Kijana akibabaika kwenye «umejuaje», akaanza kusema «nahisi tu», basi hakusoma, alikisia, na mama hahitaji kujua Kiingereza ili kulitambua hilo. Mama wa Kiswahili anamtambua mtoto anayekisia hata akiwa chumba cha pili.

Alicheka, lakini jioni ile alikaa naye. Kijana alikwama katika kifungu kuhusu ndege wanaohama, kwa sababu alitaka kukieleza kwa Kiswahili na akagundua hakujua kilichosababisha nini na kilichofuata nini. Alikuwa amekisoma mara mbili kwa Kiingereza na kukiona chepesi. Maswali ya viunganishi, yanayotaka uchague kati ya «however» na «therefore» na wenzao, yamejengwa juu ya hilohilo: je, sentensi ya pili inapinga ya kwanza au inatokana nayo? Mwenye «hata hivyo» na «kwa hiyo» zilizokaa sawa kichwani ana njia mbili za kulifikia jibu.

Mambo ya utaratibu ni mepesi. Programu ya Bluebook ipakuliwe mapema, na majaribio yaliyomo yafanywe kwa saa, si kwa mafungu ya kujistarehesha. Hakuna alama inayokatwa kwa jibu la makosa, basi usiache swali tupu. Ndani ya fungu unaweza kuruka na kurudi, na maswali ya aina moja hukaa pamoja, hivyo wapo wanaoanza na ya sarufi kwa kuwa ni ya haraka, wakayarudia ya kusoma wakiwa na muda mkononi. Anayekusudia kurudi kusoma Tanzania na vyeti vya nje aulizie mapema ulinganishaji wa vyeti NECTA, maana hiyo ni shughuli tofauti na SAT yenyewe.

Kuandika kwenyewe bado kunabaki. Mtahiniwa wa KCSE anaandika insha mbili za alama 20 kila moja kwa mkono wake. Kijana wa Jeddah anaweza kupata alama za juu kabisa katika sehemu inayoitwa Kuandika na asiwe ametunga aya moja mwaka mzima. Chuo kitamdai hiyo aya wiki ya kwanza. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya Alasiri vijana wangu wanne wanaandika ukurasa mmoja kwa kalamu, wiki hii kwa Kiingereza, wiki ijayo kwa Kiswahili, na tunasomeana. Kiswahili chao kilipoanza kilikuwa cha mdomo mtupu, bila nukta, herufi kubwa popote zinapopenda. Sasa mmoja ameandika kuhusu duka la babu yake huko Bab Makkah, na ameweka nukta mkato mahali pake, kwenye ukurasa wa Kiswahili.

Tumeanza pia kutunga fungu la maswali 27 kwa Kiswahili, lenye vifungu vya urefu uleule na dakika 32, ili wajifunze mbio za kusoma kabla ya kupambana na lugha. Vifungu kumi na vitano viko tayari. Tunapungukiwa vya sayansi na vya jedwali, na mwanachama yeyote aliye idara ya takwimu au biolojia mwenye kifungu cha maneno mia moja anaweza kukiacha kwa mhariri, aandike juu yake «cha Jeddah».